Usaili wa ukutubi: weka madesa pembeni kwanza, shika kitabu

Swali: "Nina Stashahada ya ukutubi, nimemaliza chuo miaka miwili iliyopita. Nimeitwa kwenye usaili wa nafasi ya Mkutubi Msaidizi katika chuo kimoja cha umma na nimebakiwa na siku kumi na mbili. Kuna mtihani wa kuandika, usaili wa vitendo, kisha mahojiano. Madesa ya chuo ninayo yote ila sijui nianzie wapi, na Kiingereza changu cha kuongea ni cha kubahatisha. Naomba mwongozo." – Msomaji, Dodoma

Mdogo wangu, hongera kwa kuitwa. Siku kumi na mbili zinakutosha, ila usizimalizie kitandani na madesa. Karibu kila utakayemkuta kwenye foleni ile atakuwa ameyasoma hayo hayo: anajua maana ya uainishaji, anazitaja sheria tano za ukutubi za Ranganathan, anakumbuka kwamba Dewey alitoa mfumo wake wa kupanga vitabu kwa namba za mada mwaka 1876. Kwa hiyo hayo hayakutofautishi na yeyote. Kinachokutofautisha ni kwamba ukipewa kitabu mkononi unajua uanzie wapi, na ukijiwa na msomaji unajua umuulize nini kabla hujainuka kwenda rafuni. Mambo hayo mawili huja kwa mazoezi tu. Kesho asubuhi nenda maktaba ya mkoa, au hata ya shule au parokia, uombe kukaa na vitabu ishirini mezani. Ukieleza kwamba unajiandaa na usaili, wakutubi wengi watakupa meza na bado watakusahihisha.

Kwanza tumalize vyeti, maana wapo wanaorudishwa mlangoni kabla hawajaulizwa swali hata moja. Tangazo la kuitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira hutaka vyeti halisi: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kama unacho, na cha stashahada. Karatasi ya matokeo ya kidato cha nne au matokeo ya muda ya chuo havipokelewi. Kama cheti chako cha stashahada bado kiko chuoni, kukifuata ndiyo kazi yako ya kesho, hata kabla ya maktaba. Kitambulisho kiwe cha taifa, cha mpiga kura, leseni ya udereva, hati ya kusafiria au barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Soma majina yako herufi kwa herufi kwenye kila cheti. Kama cha kuzaliwa kina jina la babu na cha chuo hakina, au "Hadija" mahali pengine imekuwa "Khadija", muone mwanasheria mapema akuandalie hati ya kisheria ya majina. Namba yako ya usaili iko kwenye akaunti yako ya Ajira Portal: inakili kwenye karatasi, simu huzima chaji siku mbaya. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, basi panga kufika mjini siku moja kabla.

Sasa kitabu.

Kwenye usaili wa vitendo tarajia kupewa kitabu na kuambiwa ukiorodheshe na kukipa namba. Tuseme umepewa kitabu cha Kiswahili kuhusu kilimo cha kahawa. Kwenye jalada imeandikwa "Kahawa Bora" kwa herufi kubwa. Ukifungua, ukurasa wa jina unasema "Kilimo cha kahawa bora nchini Tanzania". Waandishi ni wawili. Nyuma ya ukurasa wa jina kumeandikwa "Toleo la pili 2009, chapa ya tatu 2016".

Mtego wa kwanza ni jalada. Jina la kitabu linatoka ukurasa wa jina, kwa hiyo kwenye uga wa 245 (uga ni sehemu ya rekodi ya kompyuta yenye namba yake, kwa muundo wa MARC) unaandika lile refu. Jina la jalada halitupwi, linaingia uga wa 246, kwa sababu msomaji aliyekiona mkononi mwa mwenzake atatafuta "Kahawa Bora". Viashiria vya 245, yaani tarakimu mbili zinazotangulia maandishi ya uga, ndivyo vinavyoonyesha nani amewahi kufanya kazi hii. Kiashiria cha kwanza ni 1 kwa kuwa una mwandishi kwenye uga wa 100. Cha pili ni idadi ya herufi za kurukwa wakati wa kupanga kwa alfabeti. Kitabu cha Kiingereza kinachoanza na "The" kinapewa 4, yaani herufi tatu na nafasi yake. Kiswahili hakina neno la namna hiyo, kwa hiyo jina la Kiswahili linapewa 0. Anayekariri mfano wa darasani huandika 4 hata kwa kitabu cha Kiswahili, na mfumo ukilipanga jina unaruka herufi nne za mwanzo, ile "Kili" yote. Kitabu kinakwenda kupangwa kwenye herufi M.

Mtego wa pili ni mwaka. Toleo ni pale maandishi yenyewe yalipobadilishwa. Chapa ni kuchapisha tena kitu kile kile kwa kuwa nakala zimekwisha. Uga wa 250 unaandika toleo la pili, na mwaka wa kuchapishwa kwenye 264 ni 2009. Ukiandika 2016 utamfanya msomaji aamini kwamba taarifa za magonjwa ya kahawa ni mpya kwa miaka saba kuliko zilivyo. Ukiulizwa "kwa nini 2009?", jibu hivyo hivyo, kwa kumtaja msomaji.

Mtego wa tatu ni mdogo lakini wasaili wanaujua: urefu wa kitabu kwenye uga wa 300. Ukipima ukapata sentimita 20.4, unaandika 21. Vipimo hupandishwa hadi sentimita nzima inayofuata, havikadiriwi kwa kupunguza. Beba rula ndogo ya sentimita thelathini kwenye begi. Kurasa unaandika namba ya mwisho iliyochapwa, na zile za utangulizi zenye namba za Kirumi zinatangulia: xii, 148.

Mwandishi wa kwanza anaingia 100, wa pili 700, jina la mwisho likitangulia. Kabla hujaandika, tafuta kwenye katalogi kama mwandishi huyo yumo tayari, na kwa umbo gani. Waandishi wetu wengi huandika majina mawili kwenye kitabu kimoja na matatu kwenye kingine. Ukiingiza kila umbo kama lilivyo, vitabu vya mtu mmoja vinatawanyika kana kwamba ni vya watu watatu. Hapa huenda wakakuuliza tofauti ya kanuni za kuorodhesha vitabu: AACR2 ya mwaka 1978 na RDA ya mwaka 2010. Mfano mfupi unaotosha ni huu: kwa kanuni za zamani, waandishi wakizidi watatu kitabu kiliingizwa kwa jina la kitabu chenyewe na akatajwa mwandishi wa kwanza tu; RDA inakuruhusu kuwataja wote, na wa kwanza anabaki kuwa kiingilio kikuu.

Kisha namba. Kahawa kama zao ni 633.73. Ukitaka kuonyesha kwamba ni kahawa ya Tanzania, unaongeza 09 ya mahali na 678 ya Tanzania: 633.7309678. Huo ndio ujenzi wa namba kwa majedwali ya Dewey, na ukiueleza hatua kwa hatua jopo litaona unaujua. Lakini usiishie hapo. Sema pia kwamba kama maktaba ina vitabu sita tu vya kahawa, ungeacha 633.73, kwa kuwa namba ndefu kwenye mgongo mwembamba haisomeki na inaongeza makosa rafuni bila kumsaidia mtu. Kwangu mimi, jibu hilo la pili lina uzito kuliko la kwanza.

Vichwa vya habari, yaani maneno rasmi ya kutaja mada ya kitabu, ndipo pa kuonyesha kwamba unawajua wasomaji wako. Orodha rasmi zinazotumika zaidi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo uga wa 650 utakuwa na neno la Kiingereza. Mwanafunzi akiandika "magonjwa ya kahawa" kwenye katalogi, na neno hilo halimo kwenye jina la kitabu, hapati kitu na anaondoka akidhani maktaba haina. Ongeza maneno ya Kiswahili kwenye uga wa 653, uga wa maneno huru: kahawa, magonjwa ya mimea, kilimo. Wengi huuacha mtupu kwa sababu hakuna anayewalazimisha kuujaza.

Ukimaliza, kumbuka kwamba rekodi na nakala ni vitu viwili. Kwenye Koha, programu ya kuendesha maktaba, rekodi ikihifadhiwa bila kuongeza nakala yenye msimbopau, aina ya nakala, tawi na namba ya rafu (hayo yako kwenye uga wa 952), kitabu kitaonekana kwenye katalogi lakini hakiwezi kuazimwa. Kila mwaka kuna wanaotoka kwenye chumba cha vitendo wakifurahi, na nyuma yao wameacha rekodi isiyo na nakala hata moja. Koha inapatikana bure. Kama una kompyuta au rafiki mwenye nayo, tafuta tovuti za majaribio za mfumo huo ujizoeze kuingiza vitabu kumi. Kufikia cha kumi, dakika ishirini zikutoshe kwa kitabu kimoja.

Zoezi jingine la vitendo ni kupanga vitabu. Wanaweka kitoroli mbele yako wakisema panga. Jaribu sasa hivi, bila kusoma mbele: 633.8, 630.2, 633.74, 630.12, 633.7309678, 633.73.

Mpangilio sahihi ni 630.12, 630.2, 633.73, 633.7309678, 633.74, 633.8. Kosa linalowaangusha wengi ni kuiona 7309678 kuwa "kubwa" kuliko 74 na kuipeleka mbele yake. Baada ya nukta usisome namba nzima, soma tarakimu moja moja: 7 na 7 ni sawa, kisha 3 inatangulia 4, basi umemaliza. Namba zikifanana kabisa, shuka kwenye herufi za mwandishi chini yake. Jizoeze pia na tatu hizi ambazo jicho huzichanganya: 496.3923 ni kamusi ya Kiswahili, 896.3923 ni riwaya ya Kiswahili, na 398.996392 ni methali za Kiswahili. Ukiweza kueleza kwa nini methali hazikai pamoja na riwaya (zinahesabiwa kuwa fasihi simulizi na desturi za watu, siyo kazi ya mwandishi mmoja), umeshajibu swali ambalo halijaulizwa.

Tukija kwa msomaji. Swali la marejeo ndilo moyo wa kazi, na ndilo linaloandaliwa vibaya zaidi. Jopo litakupa igizo la namna hii: mwanafunzi amekuja kaunta, anasema, "Dada, naomba kitabu cha utafiti." Ufanyeje?

Msailiwa asiyejiandaa anajibu, "Nitamwelekeza kwenye rafu ya utafiti." Ipi? Mbinu za utafiti kwa jumla ziko 001.42, za sayansi ya jamii ziko 300.72, za tiba ziko 610.72, na zinaweza kuwa vyumba viwili tofauti. Jibu zuri linaanza na maswali, na yawe maswali ambayo hayajibiki kwa ndiyo au hapana. "Unafanyia kazi gani?" Atasema ni ripoti ya mwaka wa mwisho. "Inahusu nini?" Lishe ya watoto kijijini. "Umefikia wapi?" Anataka kuandika dodoso. "Unaikabidhi lini?" Ijumaa. Sasa unajua kwamba hahitaji kitabu kizima, anahitaji sura ya dodoso, mfano wa dodoso lililotumika kwenye utafiti wa lishe, na pengine tasnifu mbili za wanafunzi waliomtangulia zilizo kwenye hazina ya kidijiti ya chuo. Unasimama naye, unamwonyesha jinsi ya kutafuta huku yeye akishika kipanya, na kabla hajaondoka unamuuliza, "Hivi ndivyo ulivyokuwa unatafuta?" Swali hilo la mwisho usiliache. Wasomaji wetu wengi wana haya. Ataondoka na kitabu kisichomfaa kuliko kukusumbua mara ya pili.

Sheria ya Ranganathan ya kuokoa muda wa msomaji itaje hapa, ndani ya mfano huu. Ikitajwa peke yake inasikika kama shairi la darasani.

Kwa kuwa ni chuo, tarajia swali la kutafuta kwenye kompyuta. Wote watataja AND, OR na NOT, maneno ya kuunganisha na kuchuja maneno unayotafuta. Wewe ongeza jambo la lugha yetu. Madesa ya Kiingereza yanafundisha kukata mwisho wa neno na kuweka kinyota, ili neno moja lilete na ndugu zake. Kiswahili hubadilisha neno mwanzoni: mkulima, wakulima, ukulima, kilimo. Kinyota cha mwisho hakikusaidii hapo, na mifumo mingi haikubali kinyota mwanzoni. Njia ni kuandika maumbo yenyewe: mkulima OR wakulima OR kilimo, kisha AND kahawa. Andaa mfano mmoja wa namna hiyo kutoka fani zinazofundishwa chuoni hapo.

Hii inatuleta kwenye kuijua taasisi. Ingia tovuti yao ufungue katalogi ya maktaba ya mtandaoni. Tafuta mada tatu. Angalia namba za vitabu: zikiwa tarakimu tupu zenye nukta ni Dewey, zikianza na herufi kama PL au DT ni mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, na itabidi ujue kwamba Kiswahili kiko karibu na PL8701. Angalia kama wana hazina ya kidijiti, nyingi zinatumia programu ya DSpace, na tasnifu ya karibuni kabisa humo ni ya mwaka gani. Fungua moja ujaribu kutafuta neno ndani yake. Kama ni picha tupu iliyoskaniwa bila kutambuliwa herufi, neno halitapatikana, na hapo una jambo la maana la kuzungumza kwenye mahojiano ukiulizwa utaongeza nini. Soma kuhusu COTUL, umoja wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti nchini, ambao wanachama wake hushirikiana kupata majarida ya kielektroniki, na Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida bure au kwa gharama ndogo. Nenda pia kwa miguu ukiweza: simama kaunta dakika kumi uone wanafunzi wanauliza nini.

Mtihani wa kuandika ndipo madesa yako yanaporudi kazini, na siku tatu zinayatosha. Soma safari ya kitabu tangu kinapoingia mlangoni: kukilinganisha na ankara na hati ya kupokelea, kukikagua kurasa (zilizopinduliwa au kukosekana zirudishwe kwa muuzaji kabla ya mhuri, maana ukishapiga mhuri hakipokelewi tena), kukiandika kwenye daftari la mapokezi, kupiga mhuri ukurasa wa jina na ukurasa mmoja wa siri, kuorodhesha, kuainisha, kubandika lebo kiasi cha sentimita tatu kutoka chini ya mgongo, kisha rafuni. Kwa nini vipimo vya lebo vifanane? Jicho la anayepanga linapita mstari mmoja bila kupanda na kushuka.

Soma sheria kwa kiasi. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na sheria inayoiongoza sasa ni ya mwaka 1975. Ndiyo inayotoa namba za ISBN (namba za utambulisho wa vitabu) nchini, ndiyo maana vitabu vyetu vinaanza na 978-9976 au 978-9987. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ndiyo inayokufanya ukatae kutoa nakala ya kitabu kizima kwenye mashine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakugusa moja kwa moja: orodha ya alivyoazima msomaji ni taarifa zake. Mhadhiri akija kaunta kuuliza nani ameazima kitabu fulani, humtajii jina. Unamwekea nafasi ya kukipata kitakaporudi. Akija mtu wa mamlaka na agizo, unampeleka kwa mkuu wa maktaba.

Maswali ya mahojiano yanayobaki mengi ni ya tukio. Sitayamaliza, ila haya yana majibu ambayo ukiyakosea yanaonekana.

Msomaji anasema alirudisha kitabu, mfumo unasema bado anacho. Kwanza nenda rafuni mwenyewe, tazama na rafu za jirani, kitoroli, meza ya matengenezo na vitabu vilivyotoka kusomwa leo. Kaunta nayo hukosea: kitabu hupokelewa bila kusomwa msimbopau. Ukikosa, andika dai lake kwenye akaunti, usitoze faini siku hiyo, tafuta tena baada ya muda uliopangwa. Anayejibu "atalipa" amejifukuza.

Umeme umekatika na foleni ipo. Unaandika kwenye daftari: tarehe na saa, namba ya msomaji, msimbopau wa kitabu, unaazima au unapokea. Ukirudi umeme, ingiza kwa mfuatano ule ule wa saa. Ukianza na kuazima kabla ya kupokea, kitabu kilichorudi asubuhi na kuazimwa mchana kitagoma au kitaonekana kimepokelewa huku kiko mkononi mwa mtu.

Ukurasa umechanika. Usiseme selotepu. Gundi yake hugeuka njano, huvuja na kuila karatasi, na baada ya miaka michache huwezi kuitoa bila kutoka na maandishi. Karatasi nyembamba isiyo na asidi na gundi ya wanga iliyopikwa ndivyo vinavyotumika.

Vitabu vya zamani vimejaza rafu. Taja vigezo: taarifa zilizopitwa na wakati hata kupotosha (tiba, sheria na kompyuta huzeeka mapema), uchakavu usiotengenezeka, nakala nyingi kuliko mahitaji, visivyoazimwa kwa miaka. Kisha ongeza kwamba vitabu vya chuo cha umma ni mali ya serikali. Wewe unaandaa orodha na sababu, na kufutwa kwake kunafuata utaratibu wa mali za umma. Angalia pia kama ni nakala pekee ya kitabu cha hapa nchini. Hicho hakiondoki.

Utatoaje takwimu za matumizi? Kuazima kunahesabiwa na mfumo. Vitabu vinavyosomwa mezani havihesabiwi na mtu asipovihesabu, ndiyo sababu wasomaji huombwa wasirudishe vitabu rafuni wenyewe: unavikusanya, unavihesabu, ndipo unavipanga. Na kitabu kilichorudishwa rafu isiyo yake ni sawa na kilichopotea.

"Tueleze habari zako" ndilo swali la kwanza, na lisizidi dakika moja na nusu. Hawataki ukoo. Elimu yako, mahali ulipofanya mafunzo kwa vitendo, kazi mbili ulizofanya kwa mikono yako na idadi yake, kisha kinachokuleta hapo. Badala ya "nilijifunza mambo mengi ya maktaba", sema "kwenye mafunzo kwa vitendo niliingiza vitabu kadhaa kwenye Koha na nilikaa kaunta zamu ya jioni kwa wiki sita", ukiweka idadi yako ya kweli. Usiongeze hata kitabu kimoja, maana swali linalofuata litatoka humo humo. Miaka miwili bila ajira usiionee haya. Kama ulifundisha masomo ya jioni au ulikaa dukani, kulikuwa na wateja na hesabu, na hayo ni ya kaunta.

Kuhusu Kiingereza, andika majibu kumi ya msingi kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi, na uyaseme kwa sauti ukijirekodi kwenye simu. Ukiulizwa kwa Kiingereza anza kwa Kiingereza. Ukikwama, omba kwa adabu kumalizia kwa Kiswahili. Vifanyie mazoezi zaidi vile vitendo: orodhesha kitabu huku ukisema unachofanya. Mwenye kitu mkononi hutafuta maneno machache kuliko mwenye mikono mitupu.

Mbele ya jopo waamkie kwa pamoja, kaa ukikaribishwa. Usilolijua sema hulijui, kisha sema ungelitafuta wapi. Kwa mkutubi hilo nalo ni jibu la kitaaluma, mradi utaje chanzo kwa jina. Ukiulizwa kama una swali, uliza jambo la kazi: nani anahariri rekodi kabla hazijaonekana kwa wasomaji, au mafunzo ya matumizi ya maktaba kwa wanafunzi wapya hutolewa wiki ya ngapi.

Ratiba yako basi: siku ya kwanza vyeti, siku saba mezani na vitabu, siku tatu madesa na sheria, siku moja ya safari. Jioni ya usaili andika maswali yote uliyokumbana nayo. Na usibadilishe namba ya simu. Waliofaulu bila kupata nafasi huwekwa kwenye kanzidata ya Sekretarieti na hupangiwa kazi nafasi ikitokea, kwa hiyo fungua akaunti yako ya Ajira Portal kila wiki hata kama orodha ya kwanza imetoka bila jina lako.